Gari la magurudumu sita lililolala chini ya mwembe: lifufuliwe au liuzwe?

*"Habari za kazi, fundi. Niko Tanga. Mjomba ameniachia gari dogo la magurudumu sita, lile la kwenda nchi kavu na majini. Ni Argo, bodi ya plastiki ya kijani, lilikuwa la mradi uliofungwa. Limekaa chini ya mwembe miaka kumi na zaidi, turubai lilishaoza. Injini ni Briggs & Stratton Vanguard ya silinda mbili, ukivuta kamba inazunguka. Cheni zimeshika kutu, matairi mawili yamepasuka, na nyuma kwa chini kuna ufa wa kama shibiri. Fundi wa kwanza anasema tufunge injini ya bajaji, litatembea wiki hiihii. Wa pili anasema plastiki haioti kutu, kwa hiyo baharini ndiko kwake. Nataka nibebee mwani upande wa Kigombe, kutoka shambani hadi ufukweni, na ikibidi nivuke mkondo maji yakijaa. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita kila Jumamosi. Nilifufue au nimpe?"*

Mwambie wa chuma chakavu asubiri Jumamosi mbili. Na wewe katika muda huo usinunue spea hata moja, maana umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama gari hili linafufulika, na hilo hakuna anayelijua mpaka lifunguliwe. La pili ni kama litafaa kwa mwani na kuvuka mkondo. Hili la pili jibu lake lipo tayari: kwenye tope maji yakipwa, ndiyo, kwa masharti; kuvuka mkondo na mzigo, hapana.

Nianze na mafundi wako, kwa sababu wote wawili wameangalia mahali pasipo na tatizo.

Injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote humo ndani. Hata kama hiyo Vanguard imekufa kabisa, gari halijafa. Lakini badala yake si injini ya bajaji. Injini ya bajaji imeungana na klachi na gia zake, na nguvu yake imepangwa itokee kwenye mfumo wa bajaji. Argo inataka injini ya shafti ya mlalo iliyo wazi, ambayo juu yake inakaa puli ya mbele ya belti. Puli hiyo ina vizito ndani. Mzunguko ukipanda vinasukumwa nje, puli inajibana, belti inapanda na gari linaondoka. Vizito na springi zake vimepangwa kufuata injini inayodhibitiwa isizidi mizunguko 3,600 kwa dakika au karibu na hapo. Ukitia injini ya bajaji itabidi uchonge shafti, utafute namna ya kuzikwepa gia zake, kisha uanze kubahatisha vizito. Wiki hiyo moja itakuwa miezi.

Ikibidi kubadilisha, injini iliyo karibu na mahitaji yako ni hizi za mlalo zinazofungwa kwenye pampu za maji na mashine za kukoboa: Honda GX390 au ndugu zake wa Kichina, farasi 13, shafti ya inchi moja. Pima kwanza shafti ya Vanguard yako kwa venia (kipimo cha taya cha mafundi), upana wake na urefu wake, ndipo uende dukani; ikitofautiana, puli ile haitakaa. Gari litakuwa zito kidogo kwenye kilima, ila litafanya kazi. Dizeli ya pawatila usiifikirie. Ni nzito mno, na uzito wake unakaa juu kwenye chombo ambacho kinatakiwa kuelea bila kuinama.

Kwa Vanguard uliyonayo, acha kuvuta kamba kwanza. Fungua kava la feni utoe viota vya panya kwenye mapezi, kwani injini hii inapozwa kwa upepo tu, na kiota kimoja kinatosha kuiunguza. Mwaga oili na petroli yote ya zamani, safisha kabureta, badilisha mipira ya mafuta. Fundi akitaka kupima kompresheni kwa geji, mkumbushe kwamba injini nyingi ndogo za aina hii zina kifaa kinacholegeza mgandamizo wakati wa kuwasha ili kamba ivutike; geji itasoma chini na mtaihukumu injini bure. Kipimo cha haki ni kupuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na vali zimefunga, kisha kusikiliza unavujia wapi: kwenye kabureta, kwenye ekzosi, au kwenye tundu la oili. Shika puli imara wakati huo, maana upepo unaweza kuizungusha injini ghafla.

Sasa fundi wa pili. Ni kweli plastiki haioti kutu. Lakini gari hili ni beseni la plastiki lenye chuma ndani yake. Fremu imelala chini kabisa ya beseni. Juu ya fremu kuna injini na giaboksi. Kutoka giaboksi zinatoka cheni upande wa kulia na wa kushoto, zinazoziunganisha ekseli zote. Ekseli zinatoka nje kupitia matundu yenye beringi na sili. Maji yoyote yakiingia, kwa mvua, kwa sili iliyochoka au kwa wimbi, hayana pa kwenda. Yanakaa hukohuko chini kama ngama ya jahazi, na kilicholowa ndani yake ni fremu, cheni na beringi. Kwa hiyo plastiki haiikingi fremu. Inaitunzia maji.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kuangalia ni mstari. Toa kiti na mbao za sakafu, fagia majani ya mwembe, kisha angalia ubavu wa ndani wa bodi kwa tochi. Maji yaliyowahi kutuama yameacha alama ya kahawia, kama ile inayobaki kwenye pipa. Angalia pia kizibo cha kumwagia maji kule nyuma. Kama kilikuwa wazi miaka yote hiyo na mstari uko vidole viwili tu kutoka chini, una bahati. Kama kilikuwa kimefungwa na mstari umefika kwenye ekseli, jiandae kisaikolojia.

Kabla ya kufungua chochote, azima au nunua spana za inchi. Mashine hii imetoka New Hamburg, Ontario, Kanada, na za umri huo bolti zake kwa kawaida ni za inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye kichwa cha nusu inchi ikicheza. Ya 14 haitaingia kwenye kile cha 9/16, na ya 15 itakizungusha mpaka kiwe duara. Bolti zilizooza tayari hazihitaji kusaidiwa kuharibika. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha.

Tenga siku nzima kwa ukaguzi wa vitu vitatu: fremu, giaboksi, bodi. Hivi ndivyo vitakavyoamua. Vingine vyote ni gharama tu.

Fremu igonge kwa nyundo ndogo yenye ncha, kila baada ya sentimita tano, kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati lenye mchanga, au ncha inaingia. Tilia mkazo sehemu mbili: pale giaboksi inapokaa, na kwenye bamba zinazoshika beringi za ekseli. Kutu ya juujuu kwenye vyuma vya katikati inasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya msingi ya epoksi, basi. Lakini bamba za beringi zikiwa zimeliwa, kazi inabadilika sura. Hutaweza kuchomelea ukiwa ndani ya bodi, kwa sababu plastiki itayeyuka. Itabidi injini, giaboksi na ekseli zote zitoke na fremu inyanyuliwe. Halafu uichomelee juu ya meza iliyonyooka, ukiwa umeshapima umbali wa ekseli na ekseli na kulinganisha vipimo vya pembe kwa pembe kabla hujakata kipande cha kwanza. Bamba likihama milimita tatu, ekseli inakaa upande, cheni inavuta kwa ubavu, na meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, yataisha mapema. Kazi hii inawezekana Tanga. Ila ifanywe na mtu anayepima, si anayekadiria kwa jicho.

Giaboksi ndiyo hakimu wa mwisho, kwa kuwa haina mbadala wa dukani. Weka beseni safi, fungua kizibo chake, na uangalie kinachotoka. Oili nyeusi ni sawa. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Hapo usikate tamaa bado, ila ujue beringi za ndani huenda zimeliwa. Chovya kidole, usugue kwenye karatasi nyeupe: unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino lililovunjika. Kisha inua magurudumu yote juu ya mawe au magogo, zungusha puli ya nyuma kwa mkono, na upitishe gia zote, ya mbele na ya nyuma. Mwombe mtu ashike magurudumu ya upande mmoja. Upande wa pili unatakiwa uzunguke kwa kasi zaidi, bila kukwama wala kugonga.

Hilo la kushika upande mmoja linahitaji maelezo, maana ndiyo siri ya gari hili. Halikunji magurudumu. Ndani ya giaboksi kuna difrensho, na kila upande una disk yake ya breki. Ukivuta mpini kushoto, breki ya kushoto inabana, nguvu inahamia kulia, gari linageuka. Kwa hiyo breki ndizo usukani. Breki iliyolegea haikuzuii kusimama tu, inakuzuia kukata kona, nchi kavu na majini pia. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka kumi yamenyonya unyevu na yameshakula silinda kwa ndani. Mwaga yote, badilisha mipira, na ujaze aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Usikubali mtu akutilie haidroliki ya trekta. Inavimbisha mipira ya breki na siku mbili baadaye breki zinajishika zenyewe.

Bodi sasa. Kabla ya kuziba ufa, jua ni plastiki gani. Kata unyoya mwembamba kwa wembe kutoka ukingo usioonekana, utie kwenye glasi ya maji baridi yasiyo ya chumvi yenye tone la sabuni, uuzamishe kwa kidole. Ukipanda juu, ni politheni ngumu, familia moja na matangi meusi ya maji na mabomba ya HDPE. Ukibaki chini, huenda ni ABS, plastiki ngumu ya aina nyingine iliyotumika kwenye baadhi ya magari ya aina hii ya zamani. Ukitaka uhakika zaidi, choma unyoya mwingine mbali na petroli: politheni inadondoka na kunuka mshumaa, ABS inatoa moshi mweusi wa masizi. Argo ya plastiki ya kijani mara nyingi ni politheni, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu politheni haishiki gundi. Araldite haishiki, silikoni haishiki, lami haishiki, na fundi wa majahazi akikushauri utie kalafati, mshukuru kwa heshima; pamba na mafuta vinataka mbao zinazovimba.

Politheni inachomelewa kwa hewa ya moto. Toboa tundu la milimita 5 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Kwangua uso mpaka ule ukungu mweupe uliochomwa na jua utoke na plastiki mpya ionekane, pande zote mbili. Chonga ufa uwe na umbo la V. Fimbo ya kujazia iwe ya plastiki ileile. Njia ya hakika ni kukata utepe kutoka kwenye bodi hiyohiyo, mahali pasipobeba kitu. Hewa iwe kwenye nyuzi 300 hivi, na fimbo na bodi viyeyuke kwa pamoja. Fimbo ikiyeyuka juu ya bodi iliyo baridi, itabanduka kama kovu kavu. Wanaoziba matangi ya maji kwa chuma cha moto wana mkono wa kazi hii, lakini waone wakifanya kwanza kwenye kipande cha kutupa, kisha ukikunje. Kikiachia kwenye kiungo, tafuta mwingine.

Kuna jambo moja linaloweza kuifuta habari yote ya kuchomelea. Kunja ule unyoya uliokata. Plastiki hai inajikunja kama ganda la chungwa. Ikivunjika kama biskuti, jua limeshaimaliza, na ufa wa shibiri utakaouziba leo utafuatwa na mwingine pembeni yake. Jaribu sehemu tatu nne, hasa upande ambao kivuli cha mwembe hakikufika.

Baada ya hapo ni hesabu. Cheni pima kwa rula ikiwa imenyooshwa: kwa cheni namba 50, pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja ikiwa mpya ni milimita 317.5, ikifika 324 imekwisha. Kwa namba 60 ni 381, na mwisho wake ni 388. Lakini zenye kutu ya kuganda usizipime hata, zitupe. Cheni ya bodaboda ya 428 haiingii hapo, pitchi yake, yaani umbali wa pini hadi pini, ni ndogo. Nenda kwa wauzaji wa beringi na cheni za viwandani, uwapelekee kipande. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoana ya changu, badilisha pamoja, la sivyo cheni mpya itazeeka ndani ya msimu mmoja.

Beringi nazo zina mtego. Kama ekseli yako ni ya inchi moja, ni milimita 25.4, na ukimwambia muuzaji "nataka ya ishirini na tano" atakupa UC205 ambayo haitapita. Unayotaka ni UC205-16. Kwa inchi moja na robo ni UC206-20. Fundi akichukua msasa kuipunguza ekseli ili beringi ya milimita iingie, mnyang'anye msasa. Soma namba iliyogongwa kwenye ukingo wa beringi ya zamani, nunua hiyohiyo, na sili mpya kwa kila ekseli bila kuchagua.

Matairi ni mahali watu wanapojidanganya. Magurudumu ya upande mmoja yamefungwa kwa cheni, yote lazima yazunguke sawasawa. Tairi moja likiwa kubwa kuliko jirani yake, moja linataka kwenda mbele zaidi na cheni ndiyo inayoteseka katikati. Zungushia kamba kila tairi likiwa na upepo, pima, na upange yanayolingana upande mmoja. Tofauti ikizidi sentimita moja na kidogo usiyachanganye. Upepo wake ni mdogo ajabu, kwa kawaida psi 3 hadi 5, soma ubavuni. Geji ya kituo cha mafuta haiwezi kusoma hapo, na kijana wa kujaza upepo akizoea magari atalipasua. Na matairi haya si ya kutembelea tu. Yanasaidia kulielesha gari, na kashata zake ndizo makasia.

Basi uamuzi. Fremu, giaboksi na bodi vikiwa vizima, lifufue bila wasiwasi. Hayo mengine yote utayapata taratibu, mengi hapahapa Tanga. Kimoja kikiwa kibovu na si giaboksi, bado inalipa kama una nafasi na hauna haraka. Giaboksi ikiwa imevunjika meno, andika namba ya gari iliyo kwenye bamba lake, uliza bei ya giaboksi hiyo pamoja na usafiri na ushuru, na usianze kitu kingine mpaka jibu lirudi. Argo bado inatengeneza magari haya, tofauti na Amphicat au Attex ambazo ziliacha zamani, ila kuwepo kwa kampuni si sawa na spea kuwa nafuu. Viwili vikiwa vibovu, uza. Lakini usiuze kwa kilo. Injini inayozunguka, puli mbili za belti, disk za breki na ringi sita vina thamani kwa mwenye gari kama hili kuliko kwenye mzani wa chuma chakavu.

Twende baharini. Majini gari hili linasukumwa na matairi yanayozunguka, mwendo wake ni wa mtu anayetembea, kilomita 4 au 5 kwa saa maji yakiwa yametulia. Pwani ya Tanga wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu hivi ndani ya saa sita, na yote hayo hupita kwenye mikondo ileile unayotaka kuvuka. Mkondo ukikimbia kasi sawa na yako, utakuwa unapiga makasia mahali pamoja huku unapelekwa ubavu. Ongeza kusi. Bodi haina mkuku wa kuishika, upepo unaisukuma kama sufuria.

Halafu mzigo. Chukua bodi yenye mita mbili za mraba kwa chini, ukijumlisha na matairi, kila kilo 100 inalizamisha kati ya sentimita 3 na 5. Magunia manne ya mwani mbichi ya kilo 50 na dereva wa 70 ni kilo 270, yaani unaweza kupoteza sentimita 13 za ukingo kabla wimbi la boti inayopita halijakufikia. Bamba la mtengenezaji lina uzito wa nchi kavu na wa majini. Wa majini ni mdogo, na ndio wa kufuata.

Kinachonisumbua zaidi ni michirizi. Mwani mbichi unadondosha maji ya chumvi, na sehemu ya mzigo ya gari hili ni lile beseni lenye cheni na fremu. Hata usipoingia majini kabisa, kila safari unamwaga chumvi juu ya kila kitu ulichotoka kukibadilisha. Kwa hiyo kama utafanya kazi ya mwani, mwani usipande garini. Ufunge kwenye mtumbwi mdogo au sinia la plastiki, uliburute kwa gari juu ya tope maji yakiwa yamepwa. Hapo ndipo gari hili linapoonyesha thamani yake: kwa psi 3 linapita juu ya matope ambayo trekta lingezama mpaka ekseli. Epuka mashina ya mikoko na mizizi ya mchu iliyosimama kama misumari, na miamba ya chaza, inakata ubavu wa tairi. Kuvuka mkondo, mpe kazi hiyo mwenye ngalawa au dau. Ni rahisi zaidi na ndicho chombo chake.

Kila jioni baada ya chumvi, fungua kizibo, mwaga ndoo tano sita za maji baridi ndani, inua pua ya gari yatoke yote, kisha paka cheni oili zikiwa zimekauka. Ukiona kwamba hutaweza kufanya hivyo kila siku, lipeleke kwenye mabonde ya mpunga au mabwawa ya samaki ya maji baridi, huko litaishi muda mrefu zaidi.

Kabla ya kuliingiza majini mara ya kwanza, lijaribu kinyume. Liweke juu ya magogo yanayobeba fremu, lijaze maji kwa ndani mpaka sentimita tano juu ya ekseli, na uzunguke nje na kipande cha chaki ukitia alama kila panapotoka tone. Likikaa saa moja bila tone, nenda kwenye maji baridi yaliyotulia, ya kina cha kiuno, bila abiria, kamba ndefu imefungwa nyuma na mtu ameishika nchi kavu, jaketi la kuokolea mwilini, pampu ya kutoa maji inafanya kazi na ndoo ya kufulia maji ipo karibu.

Kazi tatu usizifanye kwa kusoma tu. Kuchomelea bamba za beringi na kukereza ekseli peleka kwa mtu mwenye mashine na vipimo. Anzia kuuliza VETA (chuo cha ufundi) au SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale Tanga. Breki zikishafungwa, zikaguliwe na fundi mwingine asiye yule aliyezifunga. Na hakuna mtu kuweka mkono kwenye cheni injini ikiwa inawaka, hata kwa kugusa tu kama imekaza. Kava zote zirudi kwanza.

Na karatasi. Pwani hiyo kutoka Tanga kuelekea Pangani iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo waone watu wa hifadhi kabla hujapitisha matairi kwenye matope yao. Mikoko ni ya TFS, wakala wa misitu, hata ile unayoona imekufa. Kama utalitumia kama chombo cha majini, uliza TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, wanataka nini kuhusu usajili na vifaa vya usalama, na uulize mapema, gari likiwa bado juu ya magogo.